Mama Haki Apima Mishahara

Kiwandani walimwita Mama Haki, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Alilipata mwaka ule aliposimama mbele ya wakubwa wote akapiga meza kwa ajili ya choo cha wanawake. Kabla ya hapo, wanawake walioshona makava ya magodoro walikuwa wakivuka uwanja mzima, iwe mvua iwe jua, kwenda kuomba ufunguo kwa mlinzi wa getini, ambaye lazima kwanza aulize wanaenda kufanya nini. Yeye, akiwa mkuu wa utumishi, akasema jambo hilo haliwezekani mahali penye watu wenye akili timamu. Choo kikajengwa. Tangu siku hiyo akipita uwanjani alitembea kama mtu anayesindikizwa na ngoma.

Haikuishia hapo. Redio moja ya mjini ilimwalika azungumze kuhusu wanawake na kazi, naye akazungumza mpaka mtangazaji akaanza kumwonyesha saa. "Taja thamani yako bila kumeza mate!" aliwaambia wasikilizaji. "Usipoitaja wewe, unamsubiri nani aitaje?" Mumewe alimrekodi kwenye simu. Jioni, akikatakata vitunguu jikoni, Mama Haki alikuwa akijisikiliza mwenyewe na kujitikisia kichwa, kama mtu anayekubaliana na mhubiri. Leo akisimulia kisa hiki, naye humsimulia yeyote atakayekaa kitako akamsikiliza, hapo kwenye vitunguu ndipo anapoanzia kujicheka.

Kisa chenyewe kilianza kwa barua ya mteja. Kampuni moja yenye mahoteli, iliyokuwa ikinunua magodoro mengi kuliko mteja mwingine yeyote, ilileta sharti jipya. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine, ilitaka kiwanda kipime tofauti ya mishahara kati ya wanaume na wanawake, kazi kwa kazi, na kieleze kitafanya nini ikionekana ipo.

Mkurugenzi alimwita Mama Haki ofisini. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha karibu, aliyeanza biashara kwa kubeba magodoro kichwani mwenyewe akiyapitisha nyumba hadi nyumba. Vitu viwili alivichukia: mikutano mirefu, na mtu anayezungukazunguka badala ya kusema anachotaka.

"Pima, mama," alisema. "Pima bila wasiwasi. Sisi hatuna cha kuficha. Wanawake wetu wana furaha tele, mimi mwenyewe nikipita nawasikia wanacheka."

"Wanacheka ukishapita, Mkurugenzi."

Mkurugenzi akacheka mpaka kiti kikalia. Mama Haki akatoka mle ofisini kwa raha. Alijua atakachokikuta, na alikitamani. Pengo lingekuwa kule chini, kwenye karakana, nao wakubwa wangekuwa wameketi wameinamisha vichwa huku yeye akisoma takwimu. Tayari alikuwa ameshachagua blauzi ya kuvaa siku hiyo.

Kazi ya kupima aliifanya pamoja na msaidizi wake. Huyu alikuwa kijana wa shati lililonyooka na sauti ya chini, aliyetoka benki miaka miwili nyuma, mtu ambaye hesabu kwake zilikuwa kama mchezo. Yeye ndiye aliyemweleza Mama Haki kwamba haitoshi kujumlisha mishahara ya wanaume wote, kujumlisha ya wanawake wote, kisha kulinganisha. Ni lazima kwanza kila kazi ipimwe uzito wake: ujuzi unaotakiwa, hatari iliyopo, nguvu inayotumika, na dhamana anayobeba mtu. Kazi zenye uzito sawa zinawekwa kapu moja, na humo ndani ya kapu ndimo mnamotazamwa nani anapata nini.

"Ndivyo nilivyokuwa nafikiria hata mimi," alisema Mama Haki, ambaye hakuwa amefikiria hivyo kabisa.

Kapu la kwanza lililowapa shughuli lilikuwa la wakataji na washonaji. Wakataji wa sponji wote walikuwa wanaume. Juu ya mshahara walikuwa na posho ya mashine, kwa sababu ule msumeno mkubwa ukiteleza hauulizi kidole ni cha nani. Washonaji wote walikuwa wanawake. Posho hawakuwa nayo. Mama Haki akashuka mwenyewe kwenye ukumbi wa washonaji kuuliza, ijapokuwa angeweza kumtuma kijana. Alipenda kuonekana ukumbini.

Aliyekuwa akiwasimamia washonaji ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kushinda cherehani zote zikiwa zinakwenda. Walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake.

"Kwa nini wakataji wana posho ya mashine na nyinyi hamna?" Mama Haki alimuuliza.

"Swali hilo unaniuliza mimi?" Bi Sindano alisimamisha cherehani yake. "Dada, hilo mimi nalipeleka juu kila mwaka. Naingia kwa Mkurugenzi, namwambia nataka posho ya mashine. Ananiambia cherehani siyo mashine. Namwambia haya, njoo basi uweke kidole chako chini ya hii sindano, halafu uniambie ni nini."

"Akakujibu nini?"

"Akasema nina maneno mengi. Nikamwambia ninayo, na mwakani nitakuja nayo tena."

"Na huoni haya?"

Bi Sindano alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Haya ya nini? Pesa siombi za mahari yake. Naomba za kazi yangu. Anayekataa ndiye aone haya."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Haki naye akacheka, akamgusa bega kwa huruma, akapanda ngazi akijisemea: masikini, mama wa watu anahangaika peke yake. Anahitaji mtu wa kumsemea.

Matokeo ya karakana yalipotoka, kwa kila mia aliyopata mwanaume, mwanamke wa kazi yenye uzito uleule alipata themanini na moja. Mama Haki alipiga kofi. Alisimama akazunguka meza yake. Akasema kwa sauti, japo ofisini hamkuwa na mtu, "Themanini na moja, jamani! Themanini na moja!" kwa namna ile atakavyolitamka mkutanoni, akiweka mkazo kwenye "moja". Akakaa kumalizia idara ndogondogo. Mauzo, pengo dogo. Ghala, pengo dogo. Uhasibu, hakuna. Utumishi, sabini na tatu.

Akafuta miwani.

Idara ya Utumishi ilikuwa na watu wawili tu. Mwanaume mmoja, mwanamke mmoja. Kwa kila mia aliyopata yule mwanaume, yule mwanamke alipata sabini na tatu. Pengo hilo lilikuwa kubwa kuliko la karakana, kubwa kuliko la mahali pengine popote kiwandani, na lilikuwa limekaa mle mle alimokaa yeye, linakunywa naye chai.

Jambo la kwanza aliloamini ni kwamba kompyuta imekosea. La pili, kwamba ameingiza tarakimu kinyume. Alijaribu kuzima na kuwasha. Mwishowe akamwita kijana.

"Hebu niangalizie hapa. Fomula imeharibika."

Msaidizi aliinama, akapitisha kidole safu kwa safu.

"Fomula iko sawa, mama."

"Umeihakiki?"

"Nimeihakiki. Nilikuwa natumaini nimekosea."

"Tena mimi ndiye mkubwa wako!" Mama Haki alisema, kana kwamba kompyuta inaweza kuona aibu ikikumbushwa.

"Ndiyo, mama. Ukiweka na uzito wa cheo chako, pengo linazidi. Hapo nimekuhesabu kama tuko sawa."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

Kijana alijikuna shingo. "Nilijua nilipoanza kukagua malipo ya kila mwezi. Nikadhani labda una marupurupu mengine yanayopita njia nyingine. Watu wazima mna mambo yenu, nikaona si adabu kuuliza." Akasita. "Halafu, mama, barua yangu ya ajira uliisaini wewe."

Ni kweli aliisaini. Na hilo ndilo lililomfanya ajiinamie, kwa sababu lilimrudia lote na rangi zake. Alimkumbuka kijana siku ya usaili, amekaa wima, anaulizwa anataka mshahara gani. Alitaja kiasi kikubwa bila kupepesa macho. Badala ya kumwambia apunguze, alimwonea fahari. Akapanda kwa Mkurugenzi akampigania kama mwanawe wa kumzaa. "Huyu tukimwachia ataenda kwingine, tutajuta," alisema. "Ana maisha ya kuanza. Ana majukumu." Mkurugenzi akanung'unika, akakubali. Mama Haki alishuka siku hiyo anajipongeza kwa kujua kusimamia watu.

Yeye mwenyewe, alipopandishwa kuwa mkuu wa idara, Mkurugenzi alimuuliza vilevile anataka ngapi. Naye alishusha macho, akatabasamu, akasema, "Chochote mtakachoona kinafaa."

Wakaona kinachofaa. Walikiona haraka sana.

"Na mimi majukumu sina?" alimuuliza msaidizi, ingawa kijana hakuwa amesema lolote. "Watoto watatu shule, mama mzazi kitandani, paa linavuja. Haya ni mapambo?"

"Mama, mimi nitafanya lolote utakaloniambia. Isipokuwa kupunguza wangu," alisema kijana kwa adabu kubwa.

Jioni alimweleza mumewe. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mpole aliyezoea kukaa pembeni ya watu wanaokaribia kumuua, kwa hiyo kidogo sana kilimtisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Alijitahidi asicheke, na wote wawili waliona anavyojitahidi.

"Cheka tu, Mwalimu," Mama Haki alisema. "Usije ukapasuka."

Akacheka, mpaka chai ikampalia. Kisha akafuta mdomo akawa mtu mzima tena. "Sasa utaomba?"

"Nitaomba. Kesho."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi Mkurugenzi. Ingia."

Mama Haki alitoka akaingia tena kupitia mlango wa jikoni. Mumewe alikuwa ameegemea kiti, amelitoa tumbo mbele, anacheka kile kicheko cha karibu. Alikuwa amekutana na Mkurugenzi mara chache tu, lakini alimwiga mpaka nywele zikamsimama mkewe.

"Sema, mama. Nina dakika moja."

"Mkurugenzi, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua. Najua una kazi nyingi. Tena biashara siku hizi ni ngumu, naelewa kabisa. Ni jambo dogo tu..."

"Kama ni dogo si lisubiri?"

"Sawa, Mkurugenzi. Asante."

Alikuwa ameshafika mlangoni alipogundua amejifukuza mwenyewe. Watoto walikuwa wamelala juu ya meza kwa kicheko. Mumewe akamshika mkono akamketisha.

"Mke wangu, wewe unafanya kama wanafunzi wangu wakifika barabara kubwa. Wanaangalia kushoto, wanaangalia kulia, njia nyeupe kabisa, halafu wanarudi nyuma. Angalia kioo, washa taa, ingia. Hujaombwa kumpisha kila mtu."

Alilala anarudia: angalia kioo, washa taa, ingia.

Kesho yake aliingia. Kioo alikiangalia, kile cha chooni, akapaka midomo rangi. Akabisha hodi. Mkurugenzi alikuwa anapekua makaratasi ya mahoteli, akamwonyesha kiti kwa kidevu.

"Nimekuja kuhusu pengo," alisema Mama Haki. Sauti ilitoka nzuri tu, akatiwa moyo.

"Safi! Umekuja wakati wake. Pengo gani kubwa lipo hapa? La kantini! Yule msimamizi ameacha kazi tangu juzi, watu wanakula wamesimama. Nikawa najiuliza nimpe nani ninayemwamini? Mtu mmoja tu ananijia kichwani." Akafungua mtoto wa meza, akamsukumia fungu la funguo. "Kwa muda tu, mama. Wewe watu wanakusikia."

Ungemwona Mama Haki! Yule wa redio, yule wa kutaja thamani bila kumeza mate, alimeza mate yote aliyokuwa nayo, akasema, "Asante kwa kuniamini," akatoka ofisini na mshahara uleule na kantini juu yake. Msaidizi alimwona anakuja na funguo, akainuka kwa furaha akidhani ni za gari.

"Za stoo ya sufuria," Mama Haki alimwambia. "Usiniulize."

Ndipo alipofanya jambo ambalo, akisimulia, hulisema haraka na kuangalia pembeni. Aliiondoa Idara ya Utumishi kwenye ripoti. Aliandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba idara yenye watu wawili ni ndogo mno kwa takwimu kuwa na maana. Sentensi hiyo ilimpendeza sana. Ilikuwa na sauti ya kitaalamu. Msaidizi aliisoma, akasema tu, "Uhasibu nao ni wawili, mama, na tumewaacha ndani," kisha akarudi mezani kwake kwa utulivu unaoudhi.

Siku iliyotangulia mkutano alishuka ukumbini kuwaeleza washonaji kilichopatikana, kwa sababu alikuwa ameahidi. Cherehani zilinyamaza. Aliwaambia habari ya themanini na moja, aliitamka vizuri, na wanawake wakapiga kelele za hasira na furaha pamoja, maana ni raha ya aina yake kuambiwa na mtu mwenye kalamu kwamba ulilokuwa ukililalamikia miaka yote lipo kweli.

"Umepima kila mtu?" aliuliza Bi Sindano.

"Kila mtu."

"Hata huko juu? Hata wewe?"

Mama Haki alitabasamu lile tabasamu la kushusha macho. "Mimi niko sawa."

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Binti mmoja aliyekuwa karibu na dirisha, mgeni kazini, alisema kwa sauti ya kumhusudu kwa wema, "Angalau mmoja wetu amelipwa anavyostahili. Ipo siku na sisi." Bi Sindano akamshika mkono, akautikisa kwa nguvu, akasema, "Hongera, dada. Ulipambana."

Alipanda ngazi polepole. Alijisikia vibaya kuliko siku ya funguo. Siku ya funguo alikuwa amejipunja mwenyewe, jambo alilolizoea. Leo alikuwa amepokea hongera za watu kwa ajili ya mapambano ambayo hakuthubutu kuyaanza, na tena kutoka kwa mwanamke ambaye kila mwaka hupanda ngazi hizo hizo kuomba na kushuka mikono mitupu bila kuona haya. Alimhurumia mtu aliyemzidi ujasiri mara mia. Alifika ofisini, hakuvua hata mkoba, akairudisha Idara ya Utumishi mahali pake na kuifuta ile sentensi nzuri ya kitaalamu.

Mkutanoni walikuwa wanne: Mkurugenzi, mkuu wa uzalishaji, mhasibu, na yeye. Blauzi aliivaa. Alisoma takwimu za karakana, na kweli vichwa viliinama kama alivyotamani, ila sasa hakuwa na hamu tena ya kuviangalia. Mkurugenzi alikuwa amemtangulia kusoma, kidole kinateremka kwenye karatasi.

"Hii ya Utumishi, sabini na tatu. Mbaya kuliko zote. Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni mimi."

Mkuu wa uzalishaji aliinua kichwa.

"Na huyu anayekuzidi?"

"Msaidizi wangu."

"Msaidizi wako anakuzidi?" Mkurugenzi aligeuka kumtazama mhasibu, mhasibu akatazama dari. "Nani aliyepanga upuuzi huu? Nani aliyesaini?"

"Mimi," alisema Mama Haki.

Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha Mkurugenzi akaanza kutikisika, kwanza mabega, kisha tumbo, kisha meza. Wote wakacheka. Mama Haki naye akacheka, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kukaa katika chumba kama hicho.

"Sasa mama, hapa nimwadhibu nani? Mwajiri ni wewe, mwonewa ni wewe!"

"Usimwadhibu mtu. Mlipe mtu." Akafuta jasho kwa leso. "Nataka nilipwe sawa na yeye. Kuanzia mwezi huu."

"Imepita," alisema Mkurugenzi. "Mhasibu, andika."

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Wakaendelea na posho ya washonaji, ambayo ndiyo iliyokuwa na mabishano marefu, mkuu wa uzalishaji akiapa kwamba cherehani siyo mashine, Mama Haki akimkaribisha aweke kidole. Mwisho walikubaliana: nusu ya posho sasa hivi, nusu nyingine mkataba wa mahoteli ukishatiwa saini. Mkutano ukafungwa.

Mama Haki alitoka akielea. Alifika katikati ya korido, akasimama. Kitu kilikuwa kinamkera. Kwa nini Mkurugenzi, mtu anayebishana na muuza maandazi, alikubali upesi namna ile?

Ndipo akili ikamrudia. Sawa na yeye! Alikuwa amekusanya ujasiri wa miaka yote, amefuta jasho, ametetemeka mbele ya watu wazima watatu, ili aombe mshahara wa msaidizi wake. Mkubwa wa idara, mwenye uzoefu mara tano ya kijana, na kantini juu! Wale wengine huenda bado walikuwa wanacheka mle ndani.

Akageuka. Hakwenda kwenye kioo chochote, maana angekiangalia angeghairi. Akafungua mlango bila hodi. Mkurugenzi alikuwa ameshika kikombe.

"Nimekosea hesabu," alisema Mama Haki.

"Tena?"

"Nimeomba mshahara wa msaidizi. Mimi siyo msaidizi." Akataja kiasi. Alikitaja chote, pamoja na nyongeza ya kantini, akafunga mdomo. Hakuomba samahani mwanzoni wala mwishoni, jambo ambalo mwili wake wote ulikuwa unamsihi alifanye.

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. Safari hii hakucheka, na kwa kutocheka kwake Mama Haki alijua amefika penyewe.

"Hicho ni kikubwa, mama."

Alikaa kimya. Kimya hicho, anasema, kilikuwa kigumu kuliko kuzaa mtoto wa kwanza.

"Nipe mpaka Ijumaa," Mkurugenzi alisema mwishowe.

Ijumaa hakumpa chote. Alimpa zaidi ya msaidizi, pungufu ya alichoomba, na akamwondolea kantini, akisema mtu wa bei ile hawezi tena kuwekwa stoo ya sufuria. Ya miaka iliyopita hakurudishiwa hata senti. Alipouliza, mhasibu alimwonyesha saini yake mwenyewe, ile ya "chochote mtakachoona kinafaa", akamuuliza kama anaitambua. Aliitambua.

Jumatatu alishuka ukumbini akasimama katikati ya cherehani. Aliwaambia habari ya nusu ya posho, wakashangilia. Kisha akawaambia na ya kwake: kwamba siku ile alipopokea makofi yao alikuwa hayuko sawa hata kidogo, kwamba alikuwa akipata pungufu kuliko kijana aliyemwajiri mwenyewe, na kwamba pengo hilo alilichora kwa mkono wake. Alitegemea kimya cha heshima. Walicheka mpaka wengine wakalaza vichwa juu ya vitambaa. Yule binti wa dirishani ndiye peke yake aliyebaki amekunja uso.

"Basi mimi mshahara wangu sikuutaja," binti alisema taratibu. "Kwenye usaili. Ulinisaili wewe, mama. Ukanipa cha chini, nikashukuru."

Kicheko kikakatika. Mama Haki alivuta kigoda, akaketi pembeni ya binti, akamuuliza anadhani kazi yake ni ya kiasi gani. Binti akashusha macho. Mama Haki akasubiri, hakumsaidia, hakumtajia kiasi. Binti alichezea uzi, alikohoa, akataja. Kilikuwa kidogo.

"Ongeza," alisema Bi Sindano kutoka nyuma.

Binti akaongeza.

Mkataba wa mahoteli ulitiwa saini. Mwezi ukapita, nusu ya pili ya posho haikuonekana, na mhasibu akaanza kupita uwanjani kwa haraka kila akimwona mshonaji. Asubuhi moja Bi Sindano alifunga cherehani yake akamfuata Mama Haki ofisini.

"Twende," alisema.

"Ngoja nimwombe nafasi kwanza, huenda ana wageni."

"Dada."

"Haya, twende."

Walipanda ngazi pamoja, Bi Sindano mbele, Mama Haki nyuma yake akijiweka sawa blauzi, na binti wa dirishani akiwafuata ingawa hakuna aliyemwita. Mkurugenzi alipowaona mlangoni alivua miwani, akaiweka mezani, akawavutia viti kabla hawajasema neno.